Consolée na Kipande Chenye Njaa

Consolée wa Lubarika hakuzaliwa Lubarika. Alizaliwa Kalundu, kule Uvira, nyumba ya tatu kutoka majini, na baba yake alikuwa mvuvi wa ndagala. Ninaanzia hapo kwa sababu yeye mwenyewe huanzia hapo kila anapohadithia maisha yake, hata kama umemuuliza bei ya mihogo tu.

Alisoma hadi mwaka wa nne wa shule ya msingi. Kisha mama yake akaugua, mdogo wake akawa hana wa kumbeba, na yeye akabaki nyumbani. Daftari zake hazikutupwa. Mama yake alizichana karatasi moja moja akafungia ndagala sokoni, na Consolée anasema kwa siku nyingi hesabu zake zilikuwa zikitembea mjini zikinuka samaki. Anapolisema hilo hacheki wala halii. Anatazama mbele kidogo, kama mtu anayemwona mwenzake ng'ambo ya barabara.

Alipokuwa na miaka kumi na minane, Frédéric, mkulima wa bondeni, alimwoa akamleta Lubarika. Asubuhi ya kwanza alitoka nje kunawa uso akakuta bonde lote jeupe. Ukungu ulikuwa umelala sawasawa kutoka mguuni pa mlima hadi upande wa Burundi, na vichwa vya migomba vilitokeza juu yake kama watu wanaoogelea. Akafikiri ziwa limemfuata. Alisimama pale na kata ya maji mkononi hadi jua likapanda na ziwa likaondoka, likaacha mihogo. Miaka arobaini imepita, Frédéric amekwisha kuzikwa, watoto wameolewa na kuoa, na bado kuna asubuhi anatoka nje anasimama hivyo hivyo. Mimi nimemkuta hivyo zaidi ya mara moja nikipita njia yangu, na ninangoja kidogo kabla ya kubisha hodi.

Kulima alifundishwa na mama mkwe wake. Na hapa msomaji anivumilie nieleze, maana habari yote inakaa hapa. Yule mzee hakumfundisha kulima shamba. Alimfundisha kulisha mche. Kila asubuhi unafagia banda la mbuzi, unaweka mavi ndani ya beseni, unaliegemeza beseni kiunoni na kutembea shambani polepole ukitazama mimea usoni. Mwenye rangi nzuri unampita. Aliyegeuka njano unampa konzi moja shinani. Huhesabu konzi, wala hukumbuki ulimpa nani jana. Ni kama kupakua bugali kwa watoto: unatazama sahani ya nani iko tupu. Na nyumbani kwa yule mzee mtu hakula huku mwingine anamwangalia, awe mgeni, awe adui, awe mbwa wa jirani. Consolée alizeeka katika mazoea hayo, mikono yake ikayashika kuliko kichwa chake.

Basi mwaka fulani, mwezi wa tisa, mvua zikianza kunukia, alikuja Lubarika binti mmoja anaitwa Laure. Alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa mwisho katika chuo cha kilimo, anatafuta kuandika mémoire, kile kitabu ambacho mwanafunzi asipokiandika hapewi diploma. Alitaka kujua jambo ambalo kila mkulima wa bonde amejiuliza: je, mbolea ya dukani inarudisha bei yake kwenye shamba dogo la mahindi, ama ni kumtajirisha mwenye duka? Tena alitaka kujua kama mkulima aliyesoma anapata zaidi kuliko yule asiyesoma. Alichagua nyumba sita, na yeye mwenyewe akapanga kwa Consolée, kitanda cha Frédéric.

Walipendana upesi. Jioni, sombe ya majani ya mihogo ikiwa jikoni, Laure alikuwa akifungua daftari lake na kuuliza maswali yake yaliyopangwa kwa namba. Ninakumbuka moja, maana nilikuwa nimeketi hapo.

"Mama, mwaka jana ulivuna kilo ngapi za mihogo?"

"Nilivuna kila siku tulipokuwa na njaa."

"Ndiyo, lakini yote pamoja?"

"Mtoto wangu, yote pamoja hatujapata kuwa na njaa siku moja."

Laure aliweka kalamu chini akacheka mpaka akafuta macho. Sijui aliandika nini mahali pale.

Kila nyumba ilipimiwa vipande viwili vya mahindi, hatua kumi kwa kumi, kwa vijiti na kamba. Mbegu ilikuwa moja, palizi moja, siku ya kupanda moja. Kipande cha kwanza kilipewa mbolea ya dukani. Cha pili hakikupewa kitu, na mbele yake Laure alichomeka kibao chenye herufi T, ya témoin kwa Kifaransa, akaeleza kwamba hicho ndicho shahidi: mwisho wa msimu kitasema mahindi yangekuwaje bila mbolea. Bruno, jirani wa Consolée ambaye naye alikuwa katika zile nyumba sita, mtu wa mdomo mrefu, alikizunguka kile kibao mikono nyuma.

"Shahidi wa nini? Nani amekufa?" akauliza. "Weye Mama Consolée, shamba yako sasa iko na kesi."

Consolée alimwambia akatazame ya kwake. Na Laure alipowauliza wote kama wameelewa kwamba kipande kile hakipewi kitu, hata majivu, wote waliitika. Consolée aliitika pia. Hilo hakulikataa hata siku moja.

Mwezi wa kumi alishika neno lake. Alipita na beseni akageuza uso. Lakini katikati ya mwezi wa kumi na moja, mahindi ya mbolea yakiwa yamefika kifuani, meusi kwa afya, yale ya shahidi yalibaki gotini, njano, majani yamejikunja kama vidole vya mtu mwenye baridi. Vipande viwili ubavu kwa ubavu, kimoja kinakula, kingine kinaangalia. Asubuhi moja ya ukungu mkono ulienda wenyewe. Konzi moja tu, kwa mche mmoja wa pembeni. Kesho yake akaona kwamba jirani wa yule mche ameona. Mwisho wa mwezi alikuwa anailisha miche yote ya kile kipande, kila asubuhi, Laure akiwa ameenda kwenye nyumba nyingine na daftari lake. Hakuona kwamba anadanganya. Aliona kwamba anapakua.

Mahindi yakakomaa, yakapimwa. Laure alirudi na karatasi zake, akaketi na Consolée kwenye mkeka alasiri moja, siku moja kabla ya mkutano wa kurudisha habari kwa wakulima. Uso wake uling'aa. Alimwonyesha mistari miwili yenye urefu karibu sawa, mmoja wa mbolea, mmoja wa shahidi, akaeleza bila haraka, kama anavyoelezwa mtu unayemheshimu: hapa kilo thelathini na sita, hapa thelathini na nne, na kilo mbili hazilipi mfuko wa mbolea. Nyumba zote sita zilikuwa hivyo. Mwalimu wake mkubwa, Profesa Léopold, alikuwa amefurahi sana, maana hakuna aliyeitazamia habari hiyo. Wakulima wa bonde wataambiwa wasinunue. Na yeye Laure atatetea mémoire yake mwezi ujao.

Hapo ndipo Consolée alipoelewa kile kipande kilikuwa cha kazi gani. Si kwamba hakuambiwa. Aliambiwa, lakini kuambiwa kulikuwa kumekaa mahali pengine na mikono mahali pengine, na sasa vikakutana. Alisema anakwenda kuwatazama mbuzi. Alikaa bandani hadi Laure akamwita kula.

Mkutano ulifanyika shuleni, katika darasa la mwaka wa tano, wakulima wazima wamejibana kwenye viti vya watoto. Profesa Léopold alikuja kutoka Uvira na soksi za vumbi hadi magotini, vumbi la barabara yetu. Alichora ile mistari miwili ubaoni, akaanza kusema kwamba mbolea ya dukani, kwa hapa Lubarika, haikuonyesha faida. Watu walitazama madawati.

Consolée akasimama. Baadaye aliniambia alijua vizuri alichokuwa anakivunja. Akinyamaza, Laure anapata diploma yake, na bonde zima linaambiwa uongo uliotoka kwenye beseni lake. Akisema, uongo unakufa na diploma inakufa nao.

"Mwalimu, minye niko na neno. Ile shahidi, minye nililisha. Mavi ya mbuzi."

Profesa akauliza kiasi gani.

"Sijui. Kadiri ilivyokuwa inaniangalia."

Hakuna aliyecheka. Kisha mama mmoja anaitwa Olive, wa nyumba ya karibu na mfereji, akasema bila kusimama kwamba yeye hakutia mavi, hapana, majivu tu, na maji ya kuoshea mchele. Mwingine akasema maganda ya maharage, na aliyeketi kando yake akasema hata yeye. Mwingine akasema alikihamishia mbuzi zake zilale humo, ila usiku kadhaa tu. Ikabaki nyumba moja. Vichwa vyote vikamgeukia Bruno, naye akatazama dari muda mrefu.

"Minye nilitia kidogo," akasema. "Ilikuwa ng'ambo ya njia, watu wanapita. Wangesema Bruno hajui kulima."

Hapo darasa likaangua kicheko, na Bruno akacheka zaidi ya wote. Ila mbele, Laure alikuwa anazitazama karatasi zake kana kwamba zimeandikwa kwa lugha ya mbali. Profesa aliweka chaki chini. Hakuwakaripia wakulima. Alimwuliza Laure kwa sauti ndogo, lakini chumba kilikuwa kidogo vilevile: miezi minne hii alikuwa analala nyumba ya nani?

Laure aliondoka alasiri ile ile. Motari alikuwa amekwisha kuwasha pikipiki, begi limefungwa nyuma, alipomgeukia Consolée aliyesimama mlangoni.

"Mama, ungeniambia mwezi wa kumi na moja."

Basi. Akapanda, wakaenda, na vumbi likakaa hewani muda mrefu kuliko kawaida. Consolée alilitazama hadi likashuka lote, chembe kwa chembe, juu ya majani ya migomba. Wiki zile alizungumza kidogo. Alipakua bugali la watu wawili, akala nusu, akawapa kuku nusu.

Katikati ya mwezi wa pili Laure alirudi. Alikuwa amekonda. Hakuanza na salamu ndefu. Alisema mwalimu amempa msimu mmoja wa mwisho, nyumba zile zile sita, kazi ile ile. Baba yake alikuwa amekwisha kumwambia kwamba mwaka mwingine wa chuo hawezi kuulipia. Kipande cha shahidi kikiguswa tena, hata na mmoja wao, ataacha masomo na kwenda kuuza vitenge kwa shangazi yake Bukavu.

Consolée alimwekea kiti, akamletea maji, akaketi chini mbele yake.

"Mwanangu, minye nikibaki hapa nitakilisha," akasema. "Najijua. Nitaahidi, na nitakilisha. Sasa weye kaa hapa na mbuzi. Minye nitaenda."

Kila nyumba ikatafuta njia yake. Olive alizungusha mikeka mikuukuu kando ya kipande chake hadi kikaonekana kama bafu. Bruno alianza kupita kwa mfereji, mwendo wa robo saa zaidi, ili asikutane na mahindi yake, na aliyemwuliza anakwenda wapi alijibiwa kwamba anapunguza tumbo. Consolée alifunga vitenge vitatu, akapanda gari la Uvira, akaenda kwa dada yake Victoire, Kalundu, kwenye ile ile nyumba ya tatu kutoka majini.

Alikaa huko zaidi ya miezi mitatu. Ninapenda kuifikiria miezi ile. Mchana alimsaidia dada yake kuanika ndagala kwenye mchanga, akizigeuza kwa ufagio wa majani, na ziwa likiwa mbele yake, safari hii ziwa la kweli. Lakini upepo ukivuma alasiri na maji yakainama na kuinuka mistari kwa mistari, aliona mahindi. Aliniambia aliyaona hasa, si kama mfano. Aliona njia ya katikati ambapo hupita na beseni. Aliona sehemu moja ya ziwa, upande wa kusini, ambako maji yalikuwa na rangi ya udongo kwa sababu ya mto unaoingia, njano iliyofifia, na alijizuia kuitazama. Victoire alimwuliza mara kwa mara anaongea na nani. Alijibu kwamba anapumua tu.

Kila motari aliyeleta mtu kutoka bondeni alimsimamisha. Umepita Lubarika? Umeona shamba lililo karibu na shule, lenye kibao? Wengi hawakuona kitu. Mmoja, kijana mwenye kofia ya sufu, alikuwa ameona.

"Mama, ile kipande iko na homa," akamwambia. "Karibu yake kuna mahindi mazuri sana. Ile nyingine, hata mbuzi inaweza kuipita bila kuuma."

Usingizi ulimpotea. Sasa, pale panapoanikwa ndagala hubaki uchafu: vichwa, magamba, vidogo vilivyovunjika. Kila mwanamke wa Kalundu anajua kwamba ukivifukia, mboga inaota usiku mmoja. Consolée alianza kuvifagia pembeni, kidogo kidogo, akavitia ndani ya gunia, akajisemea ni usafi. Gunia likajaa. Siku moja ya mwezi wa nne alilibeba hadi barabarani, akamkuta yule yule kijana wa kofia ya sufu, akasema Lubarika. Kijana akalifunga gunia nyuma, akashika pua, akauliza kama ni msiba anaopeleka. Consolée akapanda. Injini ikawaka.

Barabarani wakati ule walikuwa wakipita wanafunzi wakitoka shule, bluu na nyeupe, wengi, bila mwisho, na motari akalazimika kungoja. Walipita huku na huku ya pikipiki kama maji yanavyopita jiwe. Consolée aliwatazama wasichana wakubwa waliobana daftari zao kifuani kwa mikono miwili. Hakuna aliyemtazama yeye. Walikuwa na haraka ya kwenda kula. Aliendelea kuketi hadi wa mwisho alipopita na njia ikawa wazi, na kijana akaondoa mguu chini.

Consolée akashuka. Alimlipa kijana nauli ya safari ambayo hakuifanya, akafungua gunia mwenyewe, akalirudisha nyumbani. Victoire alikuwa na lengalenga, ule mchicha, kando ya ukuta, mashina kumi na mawili hivi, yenye afya ya kutosha. Consolée aliyapa gunia zima alasiri ile. Wiki mbili baadaye lengalenga lilifika dirishani, na majirani wakaja kuomba mbegu.

Mwezi wa sita alipata habari kwamba mahindi yanavunwa, akarudi bondeni. Nilimkuta njiani akishuka kwenye gari, tukatembea pamoja hadi shambani. Alikwenda haraka kuliko mimi. Laure alikuwa pale, amekwisha kupima zile nyumba nyingine tano na hakuna shahidi aliyeguswa, mikono imepasuka kwa jembe, maana palizi zote za shamba lile alizifanya yeye peke yake. Mizani ilining'inia kwenye miti mitatu iliyofungwa pamoja. Hawakukumbatiana. Consolée alikitazama kile kipande kwanza. Mabua yalisimama mafupi, meupe karibu, yakigusana kwa upepo na sauti ya karatasi. Mahindi mengine yalikuwa ya urefu wa kidole gumba.

"Ulikitia kitu?" akauliza.

"Hapana, Mama."

"Ulitaka?"

Laure alitazama mikono yake. "Kila asubuhi. Mara moja nilifika na beseni. Nikaliweka chini nikalia, nikalirudisha."

Consolée akaitika kwa kichwa, kama mtu anayesikia habari za nyumbani.

Wakapima kipande cha mbolea: thelathini na nane. Wakapukuchua mahindi ya shahidi, wakakusanya punje hadi zile zilizoangukia kwenye nyasi, wakatundika mfuko. Sindano ilipanda kidogo, ikatetemeka, ikasimama. Laure alisoma kilo kumi na moja.

"Pima tena," akasema Consolée.

Laure alishusha mfuko, akangoja mizani irudi kwenye sufuri, akatundika tena. Sote watatu tuliisogelea. Sindano ilikwenda mahali pale pale. Ilikuwa kumi na moja, na katika kumi na moja ile kulikuwa na asubuhi zote ambazo mtu hakupita na beseni.

"Andika," akasema Consolée.

Laure akaandika. Consolée aliketi chini kwenye mabua, akanyoosha miguu, akafumba macho; na tulipomwita kwenda nyumbani tukakuta amekwisha kulala.